Watani Walivyoiteka Maiti Yangu

Mimi nimeshakufa mara moja, pale Korogwe, saa kumi jioni, mbele ya watu wengi kuliko watakaokuja kunizika siku ya kweli. Nawaandikia hili wajukuu zangu, maana wamenichosha. Wakisikia neno Ujamaa wanadhani tulikuwa tukilima kutwa kucha na kuimba nyimbo za siasa. Tulilima, ndiyo. Siasa tuliiimba hadi makoo yakakauka. Lakini tulicheza pia, jamani, tena tulicheza hasa, na asiyeamini aje nimwoneshe kwa goti hili hili bovu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miaka ishirini na minne. Mungu alikuwa amenijalia vitu viwili, wepesi wa miguu na wepesi wa hasira. Miguu sijui niliirithi kwa nani. Hasira ni za baba, hakuna haja ya kuuliza.

Jioni tulikuwa tukikutana darasani, watu kama kumi na wawili: walimu, karani wa shamba la mkonge, muuguzi, fundi cherehani, na vijana wawili wapiga gitaa kutoka kambi za mkonge. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mwenzangu, mwanamke mrefu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Wazo lilikuwa lake. Alisema watu wamechoka na michezo ya kuigiza kwa sababu kila mchezaji anasimama na kuhutubia kama diwani. Nyimbo za dansi za redioni, kwa upande mwingine, kila mtu anazijua, kuanzia mpasua kuni hadi mke wa mkuu wa stesheni. Basi tuzichukue nyimbo hizo hizo, tuzipange moja baada ya nyingine mpaka ziwe hadithi, maneno ya kusema tuyapunguze kabisa, na mambo yote yaonekane kwa kucheza. Wimbo wa kuagana tutaagana nao, wimbo wa majuto tutajuta nao. Tulimwona kama amechanganyikiwa. Wiki ya pili hakuna aliyekubali kukosa mazoezi.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kijana wa Handeni anawaaga wazazi, anakwenda kukata mkonge, anakutana na dansi, ulevi na tajiri mmoja mnyonyaji, anaugua na kufa. Halafu anazinduka, kumbe ilikuwa ndoto, anachukua jembe na kurudi kijiji cha Ujamaa akiwa ameelimika. Kipande hicho cha jembe tulikiongeza ili afisa utamaduni wa wilaya aturuhusu kutumia uwanja. Kijana huyo nilikuwa mimi. Msiniulize kwa nini nilichaguliwa mimi, habari ya miguu nimeshaieleza.

Shida ilikuwa baba. Alikuwa mkulima wa Kwedizinga, mtu wa swala tano na maneno machache, na alinisomesha kwa mahindi na ufuta mpaka nikapata chaki. Nilikuwa mwalimu wa kwanza katika ukoo wetu. Alikuwa hapiti barabarani bila mtu kumwita baba mwalimu, na najua jina lile lilimnenepesha. Sasa mtu mmoja, ambaye Mungu amsamehe maana mimi bado, akampelekea habari kwamba mwalimu wake anaonekana jioni akikata kiuno na makarani.

Baba alipanda lori akaja hadi shuleni. Alisimama mlangoni mwa darasa tupu, hakuingia. Alisema kwa utulivu ulionikera kuliko kelele kwamba mwalimu akicheza uwanjani mbele ya wanafunzi wake, kesho hana la kuwafundisha. Akaongeza kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Ningenyamaza, mambo yangeisha. Lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi? Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kunifundisha lolote isipokuwa kununa. Lo, ulimi hauna mfupa. Niliyatamani maneno yale yanirudie kinywani, na yalikuwa yameshafika kwake.

"Basi mtu akiniuliza," alisema, "mimi mwana mcheza ngoma sina."

Akageuka akaenda zake. Miezi saba ikapita. Nikifika nyumbani, salamu ya dini aliiitikia, kwa kuwa kuiitikia ni wajibu. Shikamoo yangu hakuijibu. Tulikula sinia moja, yeye anatazama ugali na mimi natazama ugali, na mama katikati yetu anasifia mboga yake mwenyewe ili pawe na sauti. Niliumia, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nikijifanya jeuri mjini, lakini machoni pa baba yangu nilikuwa mtu wa kupita.

Mwisho mama alinifuata kisimani akaniuliza nataka nini katika dunia hii, dansi au baba. Nikamwomba aniachie mchezo huu mmoja, kwa sababu wenzangu wameshahangaika na siwezi kuwatupa. Ukiisha, na baba bado akawa hanitambui, naacha kucheza. Sichezi jukwaani, sichezi harusini, sichezi hata peke yangu chumbani. Mama akasema sawa. Nililia njia nzima kurudi Korogwe, abiria wenzangu nikawaambia ni vumbi.

Tulicheza siku ya Saba Saba, kwenye uwanja wa mpira karibu na reli. Tulizungusha kamba ya mkonge ili watu wakae nje na sisi tuwe ndani, tukaweka viti vya shule kwa wageni, na kanga sita zilizoshonwa pamoja zikawa pazia. Watu walianza kuingia tangu adhuhuri. Wengine walitoka Mashewa kwa lori, wanawake wa sokoni walikuja na vikapu vyao vya machungwa, na kambi za mkonge zilimiminika zote, Wanyamwezi, Wabena, Wanyaturu, wazee waliokuja zamani kama manamba wakasahau njia ya kurudi kwao.

Shangazi yangu alikuwa akiishi pale mjini. Alikuja nyuma ya pazia akaniambia kwamba baba yuko kwake tangu jana. Amekuja kumjulia hali dada yake tu, na huku uwanjani ameapa haji. Nikachungulia. Pembeni kabisa, kwenye mlingoti wa goli, nikaona kanzu na koti jeusi. Alikuwa ametupa kisogo, anatazama reli kama mtu anayengoja treni, na siku hiyo treni ilikuwa imeshapita. Nilikaa pale nikichungulia mpaka kiongozi wetu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza habari ya ahadi yangu. Akasema basi nicheze mpaka kisogo kigeuke, akanisukuma nje.

Gitaa lilipolia wimbo wa kwanza, uwanja mzima ulisimama kucheza. Naam, uwanja mzima. Watu walikuwa hawajawahi kusikia dansi ya kutazamwa. Dansi ni ya kuchezwa, na wao walikuwa na miguu. Wake wakawashika waume zao, wasio na wake wakashikana wenyewe kwa wenyewe, na sisi wachezaji tukabaki katikati tukiwa watazamaji. Karani alishika kipaza sauti akawaomba wakae, akawaeleza kwamba hii ni hadithi, itazamwe kwanza. Walikaa kwa hisani. Wimbo wa pili ukaanza, wakasimama tena.

Baada ya nyimbo tatu tukaelewana: wakae, ila waimbe. Hapo ndipo utamu ulipoanza. Waliimba kila ubeti kabla yetu. Mahali tulipobadilisha maneno kidogo ili yafuate hadithi, walitusahihisha kwa sauti, mpaka mwimbaji wetu akasalimu amri akaimba walivyotaka wao. Nilipomuaga mama wa mchezoni, wanawake wa sokoni walinisihi nisiende, na mmoja alinirushia chungwa la njiani. Fundi cherehani alipoingia akiwa tajiri mnyonyaji, na mto umefungwa tumboni, alipigwa maganda tangu hatua ya kwanza. Maskini alikuwa mtu mpole kuliko wote. Alicheza huku amejikinga kwa mkono, na kadiri alivyojikinga ndivyo walivyompenda na ndivyo walivyomtupia. Nilifurahi, wallahi, mpaka nikasahau kwa dakika kadhaa kutazama golini. Nilipotazama, kisogo kilikuwa pale pale.

Tukafika kwenye kifo. Nikaanguka, muziki ukapoa, wenzangu wanne wakaniweka juu ya kitanda cha kamba, wakanifunika shuka mpaka shingoni, wakaninyanyua. Mwimbaji akatamka kwa huzuni kwamba amekufa kijana wa Kizigua, mwana wa Handeni. Na hilo, ndugu msomaji, ndilo lilikuwa kosa letu.

Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Msiba wa Mzigua, Mnyamwezi haji kuulilia. Anakuja kuchimba kaburi, na kabla ya kulichimba analiteka jeneza, anamwigiza marehemu mwendo wake na ubahili wake, na hamruhusu mtu kuzika mpaka mwenye maiti ajitokeze, amjibu na kumkomboa. Ndivyo Mzigua naye anavyofanya kwao. Kukasirika hakufai, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Kiongozi wetu alikuwa mgeni wa mambo haya. Lakini mimi? Mimi Mzigua mtupu, nimekaa miezi saba nikijifunza kufa, na halikunijia hata mara moja kwamba tunautangaza msiba wa Kizigua mbele ya nusu ya Wanyamwezi wote wa Korogwe.

Niliyasikia tu, maana macho nimeyafumba. Kwanza kicheko upande wa kambi. Halafu miguu mingi inapita chini ya kamba. Halafu kitanda kikayumba, nikatambua kwamba walionibeba si wenzangu tena. Mzee mmoja mwenye sauti ya mikwaruzo, aliyewahi kuwa nyapara, akatangaza kwamba hapa hapiti mtu. Mgambo alitaka kuwatoa. Wanawake wakamzomea wakamwambia awaache watu na kazi yao. Kiongozi wetu akaja mbio, akamsihi mzee kwa adabu zote kwamba huu ni mchezo. Mzee akamjibu kwamba hata kifo ni mchezo, mama, ila hauna mshindi. Uwanja ukaangua kicheko.

Akaanza kuniigiza. Aliigiza ninavyotembea kwenda shule nimebana vitabu kwapani, kifua mbele, na nilijua amepatia kwa jinsi wanafunzi wangu walivyopiga mayowe. Kicheko kikanipanda tumboni. Nikaona nikivuta pumzi hata kidogo tu kitatoka, na maiti inayocheka itaharibu kila kitu. Nikabana pumzi, nikakaza meno, nikajigandisha.

"Nani mwenye maiti hii?" mzee aliuliza.

Akauliza mara ya pili. Akasema wasipomwona mwenyewe, basi Mzigua huyu ni wao, wanampeleka korona, kule kwenye kinu cha mkonge, akasagwe atoke kamba nzuri. Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha kungoja. Wanaonijua walikuwa wanageuza shingo. Anayejibu ni mwanamume wa ukoo, na mwanamume wa ukoo wangu katika uwanja ule alikuwa mmoja tu. Naye alikuwa ameshasema hana mwana mcheza ngoma. Nililala pale nimebana pumzi nikayafikiri hayo, na kile kicheko chote kikaniisha. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha, sichezi tena.

Mzee alikuwa ameanza kuuliza mara ya tatu nilipohisi kiganja kizito kifuani kwangu. Kilikandamiza, kikakaa hapo.

"Ni wangu," alisema baba. "Mwanangu wa kwanza. Mwekeni chini. Nyinyi mmezoea kubeba mizigo ya Waarabu, huyu si mzigo."

Nimesikia kelele nyingi maishani, za mpira, za mikutano, za harusi. Sijasikia tena kama ile. Vigelegele vilianzia kwa shangazi vikazunguka uwanja mzima. Mzee wa Kinyamwezi, badala ya kukasirika, alifurahi kama aliyekutana na ndugu, akamwuliza baba Mzigua gani huyu aliyezaa mtoto mwenye magoti ya swala. Baba akamjibu kwamba afadhali magoti ya swala kuliko mabega ya punda. Walijibizana hivyo, huyu akitupa na huyu akirudisha, na baba, yule mtu wa maneno machache, hakukosa jibu hata moja. Alikuwa ameyaficha wapi maneno yote yale? Nilikuwa nimemjua miaka ishirini na minne na sikuwa nimewahi kumsikia akichekesha watu.

Watani wakadai kuku wa kukombolea. Baba akasema kuku aliyekuja naye ameliwa jana na dada yake. Basi wakadai acheze. Nikafungua jicho moja, sikuweza kujizuia. Baba alisimama kidogo, akatazama wapiga gitaa kama anayewapima, akainua kanzu kwa vidole viwili, akacheza. Alicheza vibaya, jamani. Alikuwa kama mtu anayekanyaga majivu ya moto, tena nyuma ya mdundo. Shangazi akaingia mbio akamfunga kanga kiunoni, maana mcheza kwao hutuzwa, na wanawake wa sokoni wakamvisha nyingine mbili shingoni mpaka koti halionekani.

Mzee wa Kinyamwezi akaridhika. Akasema amekombolewa, sasa twende tukamzike.

"Hazikwi huyu," baba alisema. "Jumatatu ana darasa."

Hapo nikafufuka, nani angelala? Kamba ya mkonge ilikatika pande zote, watu wakaingia ndani, wapiga gitaa wakarudia wimbo wa kwanza, na safari hii hakuna aliyeombwa akae. Kipande cha kurudi Ujamaa hakikuchezwa, jembe lilibaki nyuma ya pazia. Afisa utamaduni nilimwona akicheza na muuguzi, tai imepinda. Baadaye alitupongeza mbele ya watu kwa ubunifu wetu wa kuwaweka wachezaji wengine miongoni mwa watazamaji ili kuonesha umoja wa makabila. Kiongozi wetu akamshukuru bila kupepesa macho.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipoondoka, mimi na baba, kwenda kwa shangazi. Alikuwa ameshavua kanga zote, amezikunja vizuri amezibana kwapani. Nilitaka kusema jambo la maana, na kama kawaida yangu nikasema la kijinga. Nilimwambia namshukuru mzee wa Kinyamwezi, maana bila utani, baba asingetoka pale golini. Desturi ndiyo iliyomvuta.

Alizihamishia kanga kwapa la pili.

"Desturi gani?" alisema. "Mimi nilikuwa naondoka. Niligeuka mara moja tu nikutazame, nikaona kifua chako hakipandi. Nikatazama tena, hakipandi. Kuja mpaka pale sikumbuki nilipita wapi."

Nikazipokea zile kanga kwapani mwake, nikazibeba mimi.

Tulipofika uani kwa shangazi alisimama, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba.

"Siku nyingine ukifa," alisema, "uwe unapumua, nikuone."